Madamu wa Ndani ya Kompyuta

Juzi binti yangu alikuwa mezani akifanya kazi ya shule, akaniuliza zamani tulikuwa tunatafuta vitu wapi, kabla ya huu mtandao wa kutafutia unaotumiwa na kila mtu leo. Nikamwambia ilikuwepo mingine, mingi tu, na kwamba mimi nilikuwa na mmoja wangu. "Wako?" akacheka kwa Kiingereza, maana Kiswahili anakisikia ila hakizungumzi. Nikachukua simu nikaandika anwani yake. Sikuhitaji kufikiri, vidole viliikumbuka vyenyewe. Ukurasa ukafunguka mweupe mtupu, na katikati pakawa na maandishi madogo: huduma hii imefungwa, tunawashukuru wote mliowahi kutuuliza. Nilikaa na simu mkononi mpaka kioo kikazima chenyewe. Binti alishahamia kwenye swali lingine. Mimi nilibaki nikihisi kama mtu aliyekutana na tangazo la msiba wa mwalimu wake wa zamani kwenye gazeti la kufungia maandazi.

Nasema mwalimu kwa sababu hivyo ndivyo nilivyomjua.

Tulipofika Birmingham, mama na mimi, tulipewa nyumba ghorofa ya kumi na moja, mtaa wa Nechells. Dirisha la sebuleni lilitazama mapaa ya maghala, malori yakirudi kinyumenyume na kulia kama vifaranga, na reli nyuma yake. Mlango ulikuwa na kufuli mbili na mnyororo. Mama alivifunga vyote vitatu hata tulipokuwa macho mchana kweupe, kisha akavuta pazia. Nguo tulizofua kwenye beseni la kuogea zilikauka juu ya kile chuma cha kupasha joto, na nyumba nzima ikanuka sabuni na vumbi lililochomeka. Mpaka leo nikiisikia harufu hiyo mahali popote, mabega yangu yanapanda juu yenyewe.

Nilikuwa na miaka tisa. Shule ya jirani ilikuwa imejaa, jina langu likawekwa kwenye orodha ya kungojea, na kwa miezi mingi sikuwa na kazi nyingine ila kuhesabu mabehewa. Kwetu Uvira, mashariki ya Kongo, nilikuwa mtoto wa mwalimu, mtoto wa kiwanja cha shule, nikijua kila mti na kila ufa wa ukuta. Hapa ulimwengu wangu ulikuwa hatua kumi na saba kutoka dirisha la jikoni hadi dirisha la sebuleni. Nilizipima kila siku, nikitumaini zimeongezeka.

Mama alikuwa na somo moja alilonifundisha na kulirudia tena na tena, mara nyingi akiwa ananisuka, kichwa changu kikiwa kimebanwa katikati ya magoti yake.

"Mutu akikuuliza jina, unasema nini?"

"Sijui Kiingereza."

"Na akiuliza kwa Kiswahili?"

"Nanyamaza."

"Na akiuliza juu ya papa?"

Hapo jibu lilikuwa kunyamaza zaidi, kama kuna kunyamaza zaidi. Baba yangu, papa kama tulivyomwita kwetu, alibaki nyuma siku tuliyokimbia. Alitusukuma kwenye mtumbwi, mama na mimi, akasema anarudi shuleni kuchukua wenzake, atatukuta ng'ambo ya ziwa. Hakutukuta. Kabla ya siku hiyo watu walikuwa wakipita wakiuliza majina ya walimu na kuyaandika, na mama alikuwa na hakika kwamba kutaja jina lake popote duniani ni kumwonyesha kidole. Ndiyo maana aliwakimbia hata watu wa kwetu. Akisikia Kiswahili cha Kongo ndani ya basi, alinishika mkono tukashuka kituo kisicho chetu. Hujui nani ni wa nani, alisema.

Mimi nilielewa tofauti. Mtoto akikatazwa kuuliza jambo, anaamini kwamba jibu lipo na limefichwa. Nilimwona mama akikaa ameshika kikombe cha chai mpaka kikapoa, nikajiambia: anajua alipo papa. Anajua na hataki kuniambia.

Mtu pekee aliyefunguliwa mlango alikuwa Mama Ikran wa ghorofa ya tisa. Alikuwa Msomali aliyekulia Nairobi, anafanya usafi maofisini alfajiri na kurudi asubuhi akiwa na funguo nyingi kiunoni, na Kiswahili chake kilikwenda mbio kama mtu anayekimbilia basi. Mama alimwamini kwa sababu hakuwa wa kwetu. Ni yeye aliyemwambia mama kuhusu maktaba.

"Mama Riziki, utaoza hapa ndani, walahi. Kuna darasa la Kiingereza la akina mama, Jumanne na Alhamisi asubuhi. Ni bure. Na kuna joto! Mtoto naye atapata mahali pa kukaa."

"Watauliza majina."

"Si wataandika tu jina lako la kwanza. Mimi nitakaa na wewe, sawa? Nani atakugusa na mimi niko?"

Tukaenda. Maktaba ilinuka makoti yaliyolowa na karatasi kuukuu, na zulia lake lilimeza sauti za viatu. Akina mama waliingia chumba cha nyuma wakafunga mlango. Mimi nikaachwa upande wa watoto, mbele ya kompyuta iliyokuwa imeinama kidogo kama inayonisikiliza. Mfanyakazi wa maktaba alinibonyezea kitu, akanionyesha vidole sita na kuzungusha mkono: dakika sitini. Na pale kwenye kioo alikuwepo yeye.

Alikuwa mwanamke wa kuchorwa, amekaa nyuma ya dawati, nywele amezifunga kisogoni, miwani puani, penseli nyuma ya sikio. Alitazama moja kwa moja mbele, akitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo kama mwalimu anayejua kwamba umesoma lakini unaogopa kusimama. Chini yake palikuwa na kisanduku, na juu ya kisanduku sentensi ambayo hata Kiingereza changu kidogo kiliiweza: niulize chochote.

Kwetu mwalimu wa kike anaitwa Madamu. Kwa hiyo akawa Madamu.

Watoto wa siku hizi hawawezi kuelewa jinsi mtandao ule ulivyokuwa. Haukutaka maneno mawili matatu ya kurushwa tu. Ulitaka uulize swali zima, kwa adabu, lenye mwanzo na mwisho, na alama ya kuuliza. Nilikuwa sijaulizwa chochote wala kuruhusiwa kuuliza chochote kwa muda mrefu sana. Siku ya kwanza nilimwandikia kwa Kiswahili: Madamu, habari ya asubuhi? Akaniletea orodha ya mahoteli ya kitalii. Nikamwuliza kama anaishi hapo maktaba. Akaniletea mahoteli mengine. Nikajua Kiswahili hakimwendei vizuri, nami nikaanza kukusanya Kiingereza kwa ajili yake. Nilikichukua kwenye karatasi alizorudi nazo mama darasani: hiki ni kijiko, huyu ni dada yangu, daktari yuko wapi. Nilijifunza Kiingereza ili niongee na picha.

Nilimwuliza kwa nini treni zina mabehewa mengi kuliko watu. Nilimwuliza kwa nini jua la huku halina joto, na hilo alinijibu kwa ukurasa wenye mchoro wa dunia iliyoinama upande, nikaurudia mara tatu kwa furaha ya kujibiwa. Sikuwa na shaka hata kidogo kwamba kuna mwanamke mahali fulani anasoma. Nilipobonyeza, palipita muda kidogo kabla jibu halijaja, na huo muda ndio ulionihakikishia. Mashine isingefikiri. Yeye alikuwa anafikiri.

Baada ya majuma mengi nikachukua daktari yuko wapi, nikamtoa daktari. Baba yangu yuko wapi?

Alinipa makanisa. Kurasa na kurasa za Baba aliye mbinguni. Nilikasirika, kisha nikajiona mjinga, kwa kuwa hata mimi ningekuwa mwalimu ningeuliza: baba yupi? Uvira Madamu wetu alikuwa akitutaka jibu kamili, jina na ubini, mahali na siku. Basi Alhamisi iliyofuata nikakaa wima, nikaandika yote. Jina lake lote, Byamungu Etienne, mwalimu. Jina la mama. Jina langu. Nambari ya nyumba yetu na jina la jengo, nililonakili kutoka kwenye bahasha. Na mwisho, kwa Kiingereza cha vijiko na madaktari, nikaandika sentensi ambayo ingenikosesha usingizi: mama amewaambia watu wa ofisi ya wakimbizi hajui, lakini mimi nafikiri anajua.

Nikabonyeza. Madamu akafikiri. Kisha ikaja sentensi moja kwamba hakuna kilichopatikana. Kisanduku kikawa kitupu tena, na maneno yangu hayakuwepo. Hapo ndipo baridi iliponiingia. Maneno yalikuwa yamekwenda kwake, na sikujua namna ya kuyaita yarudi.

Bahasha ya kahawia ilifika baada ya majuma mawili. Mama hakuweza kuisoma, mimi niliweza kidogo, na katikati ya Kiingereza kile kigumu nililiona jina la papa. Nambari ya nyumba yetu ilikuwa juu. Mama alichukua barua, akafungua zile kufuli mbili na mnyororo, akashuka ngazi hadi kwa Mama Ikran, nami nikimfuata.

Mama Ikran aliisoma akiwa amesimama, kidole kikitembea chini ya mistari. "Wanakuita tena kwa mahojiano. Wiki ya tatu kutoka leo. Wanataka kukuuliza juu ya mzee wako."

"Nilishawaambia yote."

"Hawaandiki kwa nini. Wanasema tu uende na mtoto."

Mama alikunja barua ndogo sana, kama anayetaka iishe. "Kuna mutu amesema kitu," akasema polepole. "Kuna mutu amesema."

Aliposema hivyo alikuwa anatazama ukuta. Lakini mimi nilikuwa mbele ya huo ukuta.

Wiki zile tatu ndizo ndefu kuliko zote nilizowahi kuishi. Mama aliacha darasa. Hatukwenda maktaba, hatukwenda popote, ila siku moja moja dukani na kurudi upesi. Alitoa begi letu chini ya kitanda akaliweka karibu na mlango, limejaa, na kila nilipokwenda jikoni nililiruka. Aliacha kunisuka. Nywele zangu zilisimama kichwani na hakuna aliyeziona. Nilikuwa nimefungiwa ndani ya nyumba, na ndani ya nyumba nilikuwa nimefungiwa ndani ya lile neno nililoandika. Nilijaribu kumwambia, nikafungua mdomo, yeye akainua macho, nikasema nataka maji.

Mwishowe nikapata njia: ningekwenda kwa Madamu mwenyewe, nimwandikie kwamba nilidanganya. Asubuhi moja mama alipopiga magoti bafuni kufua mashuka, maji yakiwa yamefunguliwa kwa nguvu, nilitoa mnyororo, kisha kufuli, kisha kufuli, nikaingia kwenye lifti nikabonyeza chini.

Lifti yetu ilikuwa na tabia zake. Ilishuka, ikatetemeka, ikasimama katikati ya ghorofa. Taa ikabaki inawaka na kuzima. Nilibonyeza kila kitufe, kisha nikavipiga kwa kiganja. Ukuta wa chuma ulikuwa umechorwa majina ya watu kwa funguo, nami nikayasoma yote, nikifikiri hawa nao walikwama humu. Sikulia mwanzoni. Nilianza kulia nilipowaza kwamba mama atazima maji, ataita, na nyumba itakuwa tupu, kama papa alivyotoweka.

Sijui ulipita muda gani. Nilisikia funguo nyingi zikigongana upande wa pili.

"Nani huko ndani?"

"Riziki."

"Riziki? Aki ya Mungu! Unaenda wapi peke yako?"

"Maktaba."

"Kufanya nini?"

Labda ni kwa sababu sikuuona uso wake. Kupitia ufa wa milango miwili ya chuma nilimwambia yote: Madamu, swali, jina la papa, nambari ya nyumba, neno baya juu ya mama, barua. Niliongea kwa kwikwi, nikiwa nimebandika mdomo kwenye ufa, unaonuka mafuta ya mashine.

"Hata wewe?" Mama Ikran akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Kisha haraka, kama aliyeteleza akajishika: "Sikiza, mama. Hiyo ni mashine. Hakuna mtu huko ndani. Ni picha tu, umesikia? Hamjaitwa kwa sababu yako."

"Yupo. Anafikiri kwanza."

"Hayuko. Wakikutoa humo nitakupeleka uone mwenyewe."

Walinitoa wanaume wawili wenye nondo. Mama alikuwa ngazini, mashuka yakimchuruzika mikononi, hajui amebeba. Hakunipiga. Alinishika tu kwa nguvu, maji ya sabuni yakanilowesha mpaka kwenye ngozi. Mama Ikran hakumwambia niliyosema. Alimwambia mtoto amechoka kukaa ndani, naomba nitoke naye saa moja tu.

Akanipeleka maktaba. Alikaa kwenye kiti kidogo cha watoto, magoti yakimgusa kidevu, akawasha. "Haya, nionyeshe huyo Madamu wako."

Hakuwepo. Dawati halikuwepo, miwani haikuwepo. Palikuwa na kisanduku tu, kwenye weupe, na jina la mtandao kwa rangi mpya. Mama Ikran alibonyeza huku na huku, akarudi nyuma, akafungua tena. Alikuwa amenileta anithibitishie kwamba si mtu, na sasa ameondoka kama mtu.

"Labda amestaafu," akasema mwishowe, na papo hapo nikaona amejuta.

Kwa nini aliondolewa nilikuja kujua nikiwa mtu mzima, kipindi fulani nilipopekua habari zake kama wengine wanavyopekua za ukoo wao. Mtandao ule ulianzishwa na watu wachache ndani ya chumba cha kupanga, kwa wazo moja la ajabu na la kiungwana: kwamba watu wataiuliza mashine kama wanavyomwuliza mtu. Ulipendwa sana kwa muda. Kisha ukaja mwingine wenye kasi zaidi, uliokuwa hauna sura wala salamu, na watu wakajifunza kuacha adabu na kurusha maneno mawili. Wenye mali wakaona yule mwanamke na penseli yake anawafanya waonekane wa kizamani, wakamfuta ili nao waonekane wapya. Haikusaidia. Mtandao uliuzwa, ukauzwa tena, mwisho ukawa jina tu lililokopa majibu ya wengine, mpaka ukafungwa kimya kimya.

Na jambo moja nililisoma mara nyingi, kwenye maandishi ya mtu aliyewahi kufanya kazi huko. Alieleza kwamba miaka ya mwanzo walikuwepo watu kweli, wamekaa kwenye madawati, na kila asubuhi walipewa maswali yaliyokosa majibu ili wayasome na kuyatafutia. Mengi yalikuwa ya mapishi na magonjwa. Mengine, alisema, yaliandikwa na watu walioonekana kuwa wanaongea na mtu, na hayo hawakujua wayaweke wapi. Sijui kama walikuwepo bado wakati wangu, wala kama kuna aliyesoma Kiingereza changu cha vijiko. Sikukosea sana, hilo tu.

Lakini wakati ule nilichojua ni kimoja: Madamu amechukuliwa, na ni kwa sababu yangu.

Siku ya mahojiano tulipanda basi mbili, mama akiwa amevaa kitenge chini ya koti na begi mapajani. Ofisi ilikuwa na viti vilivyofungiwa sakafuni kwa skrubu. Mama aliitwa, mlango ukafungwa, nikabaki na mwanamke wa mapokezi aliyenipa kalamu za rangi. Sikuchora. Nilitazama mlango. Niliwaza wakitoka bila yeye nitasema nini na kwa lugha gani.

Alitoka baada ya muda mrefu, peke yake, uso umechoka tu. Tukapanda basi ya kurudi, tukakaa ghorofa ya juu, kiti cha mbele.

"Walitaka nini?" nikauliza.

"Jina la papa. Karatasi moja waliandika na y, ingine na i. Walifikiri ni wanaume wawili." Akapumua. "Majuma matatu sikulala, juu ya herufi."

Basi hapo neno likanitoka. Nilimwambia yote, hata lile neno baya, hasa lile neno baya. Nilisema ni mimi, ni mimi niliyesema, na Madamu wamemfukuza. Nilingoja anipige, au ashuke aniache.

"Nani, Madamu?"

"Ule wa ku kompyuta."

"Ule wa miwani? Na penseli huku?" Akagusa nyuma ya sikio lake.

Nikamtazama. Mama alifunika uso kwa ncha ya kitenge, mabega yakaanza kutikisika, na sikujua kama anacheka au analia mpaka alipoutoa uso, ukawa na vyote viwili.

"Mi pia nilimuuliza," akasema. "Kila Alhamisi. Kule nyuma, kuko kompyuta moja. Mama Ikran anaandika, mi namutajia. Byamungu Etienne, mwalimu, Uvira. Kila Alhamisi, Riziki."

"Alikujibu nini?"

"Mahoteli."

"Mimi alinipa makanisa."

Tulicheka mpaka watu wakageuka. Kisha akanikamata kichwa, akakilaza kwenye koti lake, na nikausikia moyo wake ukienda mbio.

"Ulifikiri najua pale aliko, naficha?"

"Ndiyo."

"Sijui. Sikuwahi kujua, mwanangu. Nilifunga mudomo sababu niliogopa." Basi ikapinda kona, begi likaanguka, hakuliokota. "Sasa tumechoka, weye na mimi. Tutauliza batu, si mashine."

Jumapili hiyo hiyo alimwambia Mama Ikran atuelekeze kwenye lile kanisa la Wakongo huko Erdington, ambalo alikuwa akitajiwa tangu tufike na akikataa. Walisali kwenye ukumbi wa shule, kamba za kupandia zikiwa zimefungwa ukutani. Nilikuwa sijasikia sauti nyingi za kwetu mahali pamoja tangu siku ya mtumbwi, nikaogopa, nikamshika mama mkono. Ulikuwa umelowa jasho. Wageni walipoombwa wasimame wajitambulishe, akasimama.

"Mi naitwa Mama Riziki. Natoka Uvira." Sauti ilikuwa ndogo. Akameza mate, akaanza upya, kwa nguvu. "Bwana yangu anaitwa Byamungu Etienne, mwalimu. Kama hapa kuko mutu anamujua, asiogope. Aniambie."

Hakuna aliyejibu. Mchungaji akashukuru, nyimbo zikaendelea. Lakini mimi, mtoto, niliyegeuka nyuma, nilimwona mwanamume mmoja mwenye koti la kahawia safu ya mwisho, ameinamisha kichwa na hakukiinua tena mpaka mwisho wa ibada.

Alitujia watu walipoanza kukunja viti. Alivua kofia, akaishika kwa mikono miwili mbele ya tumbo.

"Mama, mi ni fundi mbao. Madawati ya shule ya mwalimu, mi ndiye niliyatengeneza."

Mama alinivuta karibu naye.

"Nilikuwa naye siku ile. Alirudi kutuita, sisi tuliobaki ndani." Akanitazama, akamtazama mama, mama akatikisa kichwa kumaanisha aseme, mtoto asikie. "Tulitoka pamoja. Hakufika mbali. Tulimuzika kando ya muto, batu wanne, na nikaweka kibao na jina. Nililiandika muzuri, mama. Lote."

"Siku gani?"

"Ile juma mulivuka."

Kwa hiyo alikuwa amekwisha kufa kabla hatujaiona Birmingham, kabla ya pazia na kufuli na kila Alhamisi. Sikulia. Nilikuwa nawaza tu kwamba kuna mtu anajua, kwamba jibu lilikuwepo na lilikuwa na kofia mkononi.

"Unaishi wapi?" mama akauliza.

"Kingstanding."

"Tangu lini?"

"Inakwenda miaka mbili." Akasita. "Ni basi moja tu, mama. Si mbali."

Mama alifunga macho, watu wakitupita na viti mabegani. Alipoyafungua alichukua kofia ya yule mtu, akaiweka kando juu ya kiti, akamshika mikono yote miwili. Akaigeuza viganja juu. Ilikuwa na makovu madogo ya patasi, na kidole kimoja hakikuwa na ukucha.

"Ni hii mikono ilimuzika?"

"Ni hii."

"Kuja, Riziki," mama akasema. "Shika."

Nikashika mmoja, yeye akashika mwingine. Ulikuwa mkono mkavu, mgumu, wenye joto.